Makontena Yahame, Malindi Ibaki na Wenyewe

Kila linapotajwa suala la bandari ya Mangapwani, ile mpya inayokusudiwa kaskazini mwa mji wa Unguja, mazungumzo ya mjini hugawika mafungu mawili. Wako wanaosema jambo hili limechelewa mno, na wako wanaokumbusha kwamba kabla ya Mangapwani tulishaambiwa Mpigaduri, pale Maruhubi, tukangoja mpaka tukachoka. Wote wana haki yao. Mimi ni katika wanaotaka makontena yatoke Malindi, bandari yetu ya sasa hapa Mji Mkongwe, na yatoke kweli. Lakini kuna suala silisikii likiulizwa, si kwenye baraza za kahawa wala kwenye Baraza la Wawakilishi: yakishatoka, pale patakuwa pa nani?

Naliuliza kwa sababu nimeiona Shangani, mtaa mwengine wa Mji Mkongwe, ilivyokwenda.

Kwanza tuitazame bahari, maana mji huu haukuwekwa pale kwa bahati nasibu. Unguja iko kilomita zipatazo 35 tu kutoka bara, na mkondo ulio baina yetu na Bagamoyo ni wa maji mafupi. Zama za barafu, bahari ilipopungua, kisiwa hiki kilikuwa kimeshikana na bara. Pemba ina habari nyengine kabisa. Mkondo wake una kina cha mamia ya mita, na kisiwa kile kimekaa peke yake kwa mamilioni ya miaka. Anayesafiri kwa boti anaijua tafauti hii bila ya kufundishwa jiografia: ukienda Dar es Salaam, siku nyingi za mwaka unaweza kula andazi lako kwa utulivu, ukishaipita Nungwi kuelekea bandari ya Mkoani, Pemba, khasa wakati wa kusi, vifuko vya kutapikia huanza kugaiwa na kina mama huanza kusoma nyiradi.

Mji wenyewe umekaa kwenye rasi ya Shangani, upande wa magharibi. Mbele yake vimejipanga visiwa vidogo vya Changuu, Chapwani, Kibandiko na Bawe, pamoja na mafungu na miamba inayovunja mawimbi kabla hayajafika nangani. Nyuma yake ulikuwa ukipita mkono wa bahari ulioutenga mji na mitaa ya Ng'ambo, ukafukiwa kidogo kidogo mpaka karne iliyopita ilipofika katikati. Leo juu ya maji yale ipo Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wengi wetu bado tunaiita Creek Road, na gari za abiria zinapigana vikumbo palipokuwa na ngalawa.

Ndiyo nafasi hii iliyomvuta Seyyid Said kuhamisha makao yake kutoka Maskat katika miaka ya 1830 na 1840. Kaskazi, inayoanza kuvuma mwisho wa mwaka, ilivileta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na Kachi ya India. Kusi, inayoshika kuanzia Aprili, ilivirejesha makwao. Kati ya pepo hizi mbili baharia hakuwa na la kufanya ila kungoja. Akakodi chumba, akaoa, akafungua duka, akajenga msikiti wa watu wake. Wahindu, Mabohora, Maismailia, Wangazija, Wahadhrami, Wagoa, kila kundi lina mtaa au jengo lililotokana na kungoja huko. Kwa hiyo ukiniuliza ni nani aliyeujenga Mji Mkongwe, sitakwambia sultani fulani. Nitakwambia ni ratiba ya pepo.

Tena tusijidanganye kwa uzuri wa milango ya nakshi. Pesa iliyosimamisha nyumba zile ilikuwa ya pembe za ndovu, karafuu na watu. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na palepale Waanglikana wakajenga kanisa lao. Karafuu zilizoendelea kulipwa kwa dola za fedha zilikuwa zimepandwa na kuchumwa na watumwa. Wamarekani walitia saini mkataba wa biashara na Seyyid Said mwaka 1833, wakafungua ubalozi wao mdogo mwaka 1837, na kitambaa chao cha pamba kikazagaa bara yote mpaka kikaitwa merikani. Wajerumani wa Hamburg nao walikuwapo. Bandari ya Unguja ikawa mlango: cha bara kilitokea hapa, cha ng'ambo kiliingilia hapa.

Mlango ule ulifungwa na reli. Mwaka 1896 Waingereza walianza kutandika reli ya Uganda kutokea Mombasa. Dar es Salaam, ambayo Seyyid Majid ndiye aliyeianzisha katika miaka ya 1860, ilichukuliwa na Wajerumani, wakaipa reli iliyofika Kigoma mwaka 1914. Msafara wa wapagazi uliokuwa ukichukua miezi ukawa safari ya siku chache, na mzigo haukuwa tena na sababu ya kuvuka bahari kuja kwetu ndipo uende ulaya. Unguja ilitangazwa bandari huru mwaka 1892, lakini uhuru wa ushuru haukuweza kushindana na mataruma ya chuma. Tokea hapo bandari yetu imekuwa ya visiwa hivi tu. Inapokea tunachokula, tunachojengea na tunachovaa, na inatoa karafuu na mwani.

Hapa ndipo penye kosa la fikra linaloendelea mpaka leo. Kila mpango mkubwa wa bandari unaotangazwa unabeba ndoto ya kurudi kuwa mlango wa bara. Sidhani kama tutarudi, na wala hatuna haja. Mombasa na Dar es Salaam zina reli na zina nchi za nyuma yake: Uganda, Rwanda, Kongo, Zambia. Sisi nyuma yetu tuna watu 1,889,773 kwa sensa ya mwaka 2022, na wageni zaidi ya 700,000 waliokuja mwaka 2024. Hao ndio wateja wetu. Bandari inayowahudumia hao vizuri, kwa bei wanayoiweza, inatosha kuwa fahari.

Na Malindi ilivyo sasa haiwahudumii vizuri. Gati lake ni la miaka ya 1920, likafanyiwa matengenezo makubwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya katika muongo wa kwanza wa karne hii. Ni fupi. Meli kubwa zinazozunguka dunia haziwezi kuja, kwa hiyo kontena la vigae kutoka China linashushwa kwanza Dar es Salaam au Mombasa, linapakiwa kwenye meli ndogo, ndipo lije Unguja. Meli ndogo ikifika inakuta nyengine gatini, inatia nanga nje. Siku za nangani zinalipiwa na mwenye meli, mwenye meli anazitia kwenye nauli, muagizaji anazitia kwenye bei, na anayemalizia hesabu ni yule anayenunua kilo ya mchele dukani Mwanakwerekwe. Zamani kungoja kuliujenga mji. Sasa kungoja kunaula.

Mwaka 2023 serikali iliikabidhi kazi ya kuendesha sehemu ya mizigo kwa kampuni tanzu ya Africa Global Logistics, iliyomo ndani ya himaya ya MSC, mmoja wa wenye meli wakubwa wa makontena duniani. Palikuwa na kelele, kama ilivyokuwa bandari ya Dar es Salaam na kampuni ya DP World ya Dubai mwaka huohuo. Mimi sikuwa katika waliopiga kelele. Vifaa vipya vimeingia na kazi imekwenda mbio kuliko zamani. Lakini winchi mpya hairefushi gati, na haiongezi eneo la nyuma. Bandari imebanwa na bahari upande mmoja na mji wa urithi upande mwengine. Kontena likishashuka linatakiwa lipite Funguni na Kinazini, kwenye barabara wanazopita watoto wa skuli, ndipo lifike ghalani. Hakuna mwekezaji atakayeibadilisha ramani hiyo.

Kwa hiyo makontena yahame. Hilo kwangu limekwisha.

Sasa nenda Malindi asubuhi, boti ya Pemba inapofunga. Kabla kamba haijakazwa, hamali wameshaingia. Wanashuka na magunia ya ndizi mbichi, mapakacha ya maembe kama ni msimu wake, vikapu vya halua ya Wete vilivyofungwa kwa ukindu, jogoo aliyefungwa miguu akiangalia mji kichwa chini. Hatua chache kutoka hapo limelala jahazi lililokuja na mkaa na mbao kutoka bara. Utapita ubao mmoja mwembamba kuingia ndani yake, na vijana wanashuka nao mbio, gunia kichwani, kwa miguu mitupu. Pembeni lipo diko na soko la samaki lililojengwa kwa msaada wa Japani. Mnada umeshaanza: nguru mmoja, dalali anaimba bei, mwanamke aliyekwisha kujua atauza kilo ngapi Darajani anatikisa kichwa kidogo tu, na nguru ni wake. Nje ya geti vijana wa gari ya ng'ombe wanapatana, dereva wa teksi anamwita kila abiria "mjomba", na mama ntilie anakoroga uji.

Haya yote yamo kwenye kipande cha pwani ambacho kwa miguu unakimaliza kabla kahawa haijapoa. Na mimi nadai kwamba hiki ndicho kipande cha Mji Mkongwe kilichobaki kuwa Mji Mkongwe.

Shirika la UNESCO liliuandika mji huu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Kilichosifiwa hakikuwa chokaa na mawe ya matumbawe peke yake. Ilikuwa ni mji wa biashara wa pwani ya Waswahili, mahali walipokutana Waafrika, Waarabu, Wahindi na Wazungu wakachanganya majengo na maisha. Tangu hapo nguvu zetu nyingi zimekwenda kwenye kuta. Na kuta zenyewe hatukuziweza: tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit el Ajaib, jumba aliloliinua Seyyid Barghash mwaka 1883, ilianguka na kuua watu wawili. Jumba lilikuwa likitoa dalili kwa miaka. Oman imejitolea kugharamia kulijenga upya, na nashukuru, ingawa naona haya kidogo kwamba nyumba yetu maarufu kuliko zote inasubiri mfuko wa jirani.

Lakini ukuta unaweza kujengwa tena. Kinachohama bila kelele hakirudi. Tazama Shangani. Mambo Msiige, nyumba ya katikati ya karne ya 19 iliyotumiwa na serikali kwa miaka mingi, imegeuzwa hoteli na kuongezewa jengo jipya kando, mpaka Kamati ya Urithi wa Dunia ikanung'unika waziwazi. Ofisi ya zamani ya simu za nje nayo ni hoteli. Nyumba moja baada ya moja imekuwa ya wageni. Simlaumu mwenye nyumba. Nyumba ya matumbawe ina gharama kubwa kuitunza, na mtalii analipa kwa dola. Lakini pita Shangani saa mbili usiku uhesabu madirisha yenye taa za watu wanaoishi humo. Watoto waliokuwa wakicheza mpira uchochoroni wako mitaa ya nje ya mji, Mombasa kwa Mchina, Kwarara na Fuoni. Pwani iliyokuwa ya kuogelea watoto wa mtaa imejaa vitanda vya kuotea jua.

Tukiondoa makontena Malindi bila ya kusema kwa sheria kitu gani kibaki, soko litasema badala yetu. Gati lililo tupu, ukingoni mwa bahari, dakika chache kutoka Forodhani, lenye machweo ya jua mbele yake! Mchoro sina haja ya kuuona, naukisia. Kutakuwa na mahali pa kufungia mashua za anasa, kutakuwa na maduka, kutakuwa na hoteli moja au mbili zenye jina la kihistoria, na pengine jahazi moja lililopigwa rangi likiwekwa la kupigia picha. Majahazi yenyewe yataambiwa yatafute diko kwengine. Mvuvi ataambiwa ngalawa zake zinanuka.

Watu wataniambia utalii ndio unaotulisha. Kweli, ndio sekta inayotuletea pesa za kigeni kuliko nyengine yoyote. Na ndiyo maana nasema hivi. Mgeni hakosi hoteli ya ufukweni. Anazo Maldives, anazo Mauritius, tena kwa Kiwengwa na Nungwi tunazo za kutosha. Anachokikosa huko ni mji wa bandari wa Waswahili unaofanya kazi. Mara ngapi umewaona watalii wamesimama Mizingani, karibu na Mtini, mgongo wameupa kasri, kamera zimeelekea kwenye jahazi linalopakua? Wao wameshachagua kipi kinafaa kuangaliwa. Sisi ndio hatujajua.

Kwa hiyo ninavyoona, mkataba wowote wa Mangapwani ulitakiwa uwe na karatasi ya pili: Malindi itatumikaje. Boti za abiria zibaki, na ukumbi wa abiria upanuliwe, maana mtu anayetoka Pemba na mgonjwa hana sababu ya kupangiwa foleni juani. Majahazi yabaki na gati lao lenye ngazi na taa. Soko la samaki libaki na lipewe barafu ya kutosha. Eneo la makontena ndilo liachwe wazi kwa mji: uwanja, karakana za mafundi wa vyombo na wa milango, ghala za karafuu zilizotengenezwa, hata skuli ya ubaharia. Mamlaka ya Mji Mkongwe ipewe meno juu ya eneo hilo kabla ya geti kufungwa, si baada. Baada ya geti kufungwa wanakuwa wanaandika barua tu.

Mangapwani nayo ina maswali yake. Ipo zaidi ya kilomita 20 kaskazini mwa mji, na iko karibu na shimo la watumwa, lile handaki la mawe lililochimbwa kuwafichia watu biashara ilipokwisha kupigwa marufuku. Bandari mpya jirani na handaki lile inahitaji adabu ya mpangilio, nisiseme zaidi. La kunitia wasiwasi hasa ni njia. Meli ikishusha kule, kila kilo ya unga wa mjini itapanda lori. Watu 893,169, karibu nusu ya Wazanzibari wote, wanaishi Mkoa wa Mjini Magharibi; mzigo unakwenda kwao. Aliyewahi kukaa kwenye gari ya 502 kutoka Bububu saa moja asubuhi, dirisha halifunguki na utingo anakazania "sogea nyuma, nyuma kuna nafasi", ajaribu kuiona njia ileile ikiwa na malori ya makontena mbele yake na nyuma yake.

Ajabu ni kwamba njia hiyo ilikuwa na reli. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilifungua reli ya kilomita 11 hivi kutoka Ngome Kongwe mpaka Bububu. Treni ilipita kwenye vichochoro karibu na milango ya watu, ikibeba abiria na mazao ya shamba. Motokaa zilipokuja na barabara zikatiwa lami, abiria wakaihama, na miaka yake ya mwisho reli ikabakia kubeba mawe ya kujengea bandari hiihii ya Malindi tunayotaka kuihamisha. Sisemi turudishe treni kesho. Gharama yake si ya mchezo. Nasema tu kwamba Zanzibar ya zamani ilikuwa na reli kabla ya kujenga gati, na sisi tunatangaza bandari leo na njia tunaiachia bajeti ijayo. Njia ya malori itengwe mapema, ikwepe Bububu na Mtoni, ardhi yake iwekewe alama kabla haijaota nyumba. Kisiwa hiki nyumba huota usiku mmoja.

Nimechelewa kufika Pemba, kama kawaida ya watu wa Unguja. Lakini kwa maoni yangu huko ndiko jambo lote lilipofungwa.

Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa mikarafuu mingi na kuvunja vyombo bandarini. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa. Tokea hapo karafuu ya Zanzibar ni karafuu ya Pemba, na kwa karibu karne moja na nusu kisiwa kile kimelipia mambo mengi yaliyojengwa kwenye kisiwa hiki. Msimu ukiwa mzuri utazikuta zimeanikwa kwenye majamvi kuanzia Mkoani mpaka Konde, barabara nzima inanukia, na hata makonyo, vile vijiti vya karafuu, hayatupwi. Yanapelekwa kiwanda cha Wawi kukamuliwa mafuta. Watu 543,441 wako kule. Ni zaidi ya robo yetu.

Bandari yao kuu ni Mkoani, yenye maji marefu ya kutosha meli nzuri tu. Wete ilikuwa bandari ya majahazi yenye jina, ikiitazama Tanga ambako watu wake wana jamaa tangu hapo. Wesha iko karibu na Chake. Yaani Pemba haikunyimwa maji; imenyimwa meli. Bidhaa ya mfanyabiashara wa Chake Chake inayotoka ng'ambo inashushwa Dar es Salaam au Mombasa, inakuja Malindi, inashushwa tena, inapakiwa tena, inapelekwa Mkoani, inashushwa tena. Kila kushusha kuna hamali, kuna ghala, kuna karatasi, na kuna kinachovunjika. Mfuko wa saruji ukifika Konde una safari ndefu kuliko wa mtu wa Dodoma.

Na uhaba huo wa vyombo unaua. Usiku wa tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, siku chache baada ya sikukuu, imejaa watu waliokuwa wakirudi. Miili iliyopatikana ilikuwa 203. Hesabu ya tume iliyoundwa baadaye ilionesha waliokufa na wasioonekana kabisa ni zaidi ya 1,500. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe ikitokea Dar es Salaam. Tulizungumza sana juu ya manahodha, ruhusa za kuondoka na uzee wa meli, na ilikuwa lazima tuzungumze. Kidogo sana tulizungumza juu ya kwa nini watu wanakubali kupanda chombo wanachokiona kwa macho yao kimelemewa. Wanapanda kwa sababu hawajui kama kesho kitakuwapo chengine.

MV Mapinduzi II iliyoletwa na serikali kutoka Korea Kusini mwishoni mwa 2015, yenye uwezo wa abiria 1,200 na tani 200 za mizigo, ilikuwa jibu la haki, na boti za kampuni binafsi zimesaidia. Lakini tani 200 za mizigo hazilishi kisiwa. Pemba inataka meli ya mizigo yenye siku zake zinazojulikana, ya Tanga–Wete na ya Mombasa–Mkoani, na maofisa wa forodha wanaomaliza kazi palepale bila ya karatasi kurudi Unguja kutiwa saini. Umeme ulishaonesha njia: mwaka 2010 Pemba iliungwa kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, na si kutoka Unguja, kwa sababu waliopiga hesabu waliitazama ramani na hawakutazama nani mkubwa.

Najua zitatajwa gharama na idadi ndogo ya mizigo. Mizigo ni midogo kwa sababu hakuna meli. Mwenye duka wa Wete amejifunza kuagiza kidogo kidogo, mabegani mwa abiria. Hata majahazi ya Malindi yanalijua hili, maana sehemu ya riziki yao ni kuwapelekea Wapemba kile ambacho meli haziwapelekei. Serikali ikiwa tayari kutafuta mamia ya mamilioni ya dola kwa Mangapwani, fungu dogo la kurefusha gati la Mkoani, kununua winchi na kudhamini nauli ya meli kwa miaka ya mwanzo haliwezi kuwa mzigo mkubwa. Na faida yake haingoji muongo: kila kontena la Chake litakaloshuka Mkoani moja kwa moja ni kontena moja pungufu kwenye foleni ya Malindi, kabla Mangapwani haijapokea meli yake ya kwanza.